Mlinzi wa sinema si mlinzi

Jumapili moja jioni tulipita karibu na nyumba inayoonyesha picha za video. Ndani mlijaa watu tele, wengine wamesimama mlangoni, na watoto wamepanda juu ya matofali wapate kuchungulia dirishani. Tulisikia mlio wa bunduki, kisha kelele za furaha, kama siku timu ya kwetu inapotia bao. Picha ilipokwisha, watu walitoka wakisemezana. Mzee mmoja, baba wa wasichana wanne, mtu mpole ambaye hatujamsikia hata mara moja akigombana na jirani, akatuona akasema: «Ninyi wenye kuandika magazeti, semeni mtakavyo. Yule ndiye baba wa kweli. Mimi pia ningefanya vile vile.»

Maneno hayo hayakututoka moyoni. Tungeyasikia kwa mhuni wa njiani, tungeyaacha yapite. Lakini yalitoka kinywani mwa mtu mwema. Basi imetupasa kuyajibu.

Picha za namna hii zafanana kama mayai ya kuku mmoja. Yuko mwanaume mtulivu: baba, au mume, au mlinzi wa kuajiriwa. Zamani alikuwa askari, ajua kuua, lakini ameacha. Watu waovu wamteka mtoto wake, au wamwua mke wake. Polisi ni wavivu, au wamekwisha kununuliwa. Basi mtu yule aichukua tena silaha yake, awatafuta mmoja mmoja, awamaliza. Muziki wapigwa, taa zawashwa, watu warudi nyumbani wameridhika. Siku hizi hata sababu kubwa haitakiwi. Katika picha iitwayo John Wick, ya mwaka 2014, watu wengi mno wauawa, na mwanzo wake ni gari lililoibwa na mbwa mdogo aliyeuawa, zawadi ya mwisho ya mke marehemu. Neno linalotafutwa ni ruhusa. Mwenye kutazama apewe tu ruhusa ya kufurahia kifo cha mtu, naye hatauliza zaidi.

Wako wanaosema kwamba watu wapenda picha hizi kwa sababu wapenda damu. Wanaosema hivyo hawawajui watu. Katika nchi yetu, hasa huku mashariki, wako mababa waliofungwa kamba wakalazimishwa kutazama maovu waliyotendewa wake zao na binti zao. Wako waliokimbia usiku na mtoto mmoja mgongoni, na asubuhi wakahesabu wakaona mwingine hayupo. Mtu wa namna hiyo abeba huzuni, na pamoja na huzuni abeba aibu, kwa maana ajiuliza kila siku: «Mimi ni baba gani?» Sinema yamwambia kwa muda wa saa mbili: «Wewe ungeweza.» Ni nani atakayemcheka akienda kuitazama? Sisi hatumcheki. Kinachomvuta ni upendo wa watoto wake, nao ni kitu kitakatifu. Lakini mwenye njaa ndiye anayeuziwa chakula kibovu upesi. Twasema basi kwamba mtu huyu auziwa chakula kibovu, na ndani yake mna uongo wa namna mbili.

Uongo wa kwanza ni huu: mlipiza kisasi hakosei mtu. Katika sinema twaona ubaya ukitendeka kwa macho yetu wenyewe. Twaonyeshwa uso wa mwovu, twasikia sauti yake. Kwa hiyo risasi inapompata hatuna shaka hata kidogo. Lakini katika maisha nani ana jicho la namna hiyo? Mtu aliyeporwa gizani ajua nini? Ajua kivuli, na lugha aliyoisikia, na maneno ya majirani.

Tazameni picha iliyofungulia nyingine njia, Death Wish ya mwaka 1974, ambayo Wafaransa waliipa jina Un justicier dans la ville, yaani mtenda haki mjini. Michael Winner aliiongoza, na Charles Bronson alicheza ndani yake kama Paul Kersey, mchora ramani za nyumba katika mji wa New York. Vijana watatu waingia nyumbani mwake, wamwua mke wake na kumnajisi binti yake. Kersey apata bastola, aanza kutembea usiku katika bustani na katika gari moshi, na kila mnyang'anyi anayemjia ampiga risasi. Sasa mwulizeni yeyote aliyeiona picha hiyo: je, wale watatu aliwapata? Hakuwapata. Tangu siku ile ya uovu hakukutana nao tena kamwe. Wote aliowaua ni watu wengine. Kweli, walikuwa wezi. Lakini deni la mke wake hawakuwa nalo. Hata hivyo mtazamaji atoka nje akidhani kwamba deni limelipwa. Limelipwa na nani?

Mwenye kutunga hadithi hiyo mwenyewe, Brian Garfield, hakuipenda kazi iliyofanywa. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilitaka kuonyesha jinsi kisasi kinavyomharibu mtu wa kawaida. Sinema ilimgeuza mtu huyo kuwa shujaa. Garfield akasikitika, na mwaka 1975 akatoa kitabu kingine, Death Sentence, ili kuyajibu mambo hayo. Lakini ni wangapi waliokisoma kitabu hicho, na ni wangapi walioiona sinema? Kersey alirudishwa mara nne nyingine mbele ya watazamaji, mpaka mwaka 1994, na kila mara akawa na watu wapya wa kuua.

Mtasema: hayo ni mambo ya sinema tu. Haya, tutaje jambo lililotukia kweli katika mji ule ule. Mwaka 1981 mtu mmoja aitwaye Bernhard Goetz alishambuliwa na vijana, akaumizwa. Akanunua bastola. Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya gari moshi la chini ya ardhi, vijana wanne Weusi walimjia, wakamtaka dola 5. Akawapiga risasi wote wanne. Hawakufa, lakini mmoja alipooza. Watu wengi wa mji walimshangilia, na magazeti yakamfananisha na yule wa sinema. Mwaka 1987 wazee wa baraza walimwondolea kosa la kutaka kuua, wakamhukumu tu kwa kuchukua silaha bila ruhusa. Mwaka 1996 wazee wengine wa baraza walitoa neno kwamba amlipe yule aliyepooza dola milioni 43. Angalieni vizuri: vijana waliomwumiza mwaka 1981 ni wengine, na waliopigwa risasi mwaka 1984 ni wengine. Kisasi hakina macho. Chatafuta mtu wa kufanana na adui, nacho chatosheka.

Uongo wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu waligusa neno lenyewe la ulinzi. Sinema yatuambia kwamba mtu yule, akiua, ndipo analinda. Haya, twende tumtafute yule anayelindwa, tuone yuko wapi.

Binti wa Kersey yuko hospitali. Akili yake imefungwa, hasemi neno. Baba yake yuko wapi? Yuko bustanini usiku, awinda watu. Kadiri picha inavyoendelea, ndivyo msichana yule anavyozidi kusahauliwa. Watazamaji pia wamesahau. Mateso yake yalikuwa mlango tu. Baba alipokwisha kupita mlangoni, mlango hauna kazi tena.

Katika Taken, ya mwaka 2008, baba aitwaye Bryan Mills, aliyechezwa na Liam Neeson, amtafuta binti yake aliyetekwa Paris na watu wanaouza wasichana. Tuseme haki: mtoto huyo angali hai, na kumtafuta ni wajibu wa baba. Hapo hatumlaumu. Lakini tazameni njia anayopita. Mtu mmoja amfunga kitini, amtesa kwa umeme, na akiisha kujibiwa amwacha afe. Rafiki yake wa zamani akataa kusema. Basi ampiga risasi mke wa rafiki huyo, mwanamke aliyemkaribisha mezani pake kwa chakula, ili mume wake aogope. Na wasichana wengine je? Katika nyumba zile amewaona wengi, wamelewa madawa, wamelala kama maiti. Hao pia wana baba zao. Mmoja amchukua kwa kuwa ana koti la binti yake na huenda akajua neno. Waliobaki, picha haituambii walipelekwa wapi. Mlinzi wa namna hiyo aona mtoto mmoja tu duniani. Watoto wa wengine ni vitu vya njiani.

Picha ya tatu ni Man on Fire, ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Tony Scott. Denzel Washington ni Creasy, mlevi aliyekata tamaa, anayeajiriwa kumlinda msichana mdogo, Pita, katika mji wa Mexico. Kipande cha kwanza cha picha hiyo ni kizuri, twakiri. Mtu yule ampeleka mtoto shule, amfundisha kuogelea kwa haraka, acheka naye, aanza kupenda maisha tena. Ndivyo ulinzi ulivyo: kuwa pale, kila siku. Kisha mtoto atekwa, na Creasy aambiwa kwamba amekwisha kufa. Aanza kuua. Mtu mmoja amkata vidole kimoja kimoja. Mwishoni avumbua nini? Mtoto hakufa! Damu yote ile ilimwagwa kwa ajili ya kifo ambacho hakikutukia. Na mtoto arudije nyumbani? Arudi kwa sababu Creasy akubali kubadilishwa: ajitoa yeye mwenyewe mikononi mwa watekaji, pamoja na ndugu ya mkubwa wao aliyekuwa amemshika, naye afa njiani. Basi hata katika hadithi iliyotungwa ili kusifu kisasi, saa ya kumwokoa mtoto ilipofika, mtu yule alitoa uhai wake mwenyewe. Lakini watu wakitoka mlangoni wasimulia nini? Wasimulia vile vidole.

Wasomaji wapenzi, ugonjwa huu si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1950, mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, vijana waliona picha za cowboy wa Marekani wakazipenda mno. Wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama wale wa sinema, wakajitungia lugha yao. Wakaigawa mitaa, na kila kundi likasema kwamba lalinda mtaa wake. Watu wazima walicheka. Lakini walioonja uchungu wa mchezo ule ni wasichana, kwa maana wale waliojiita walinzi ndio waliowashika kwa nguvu. Padri mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, ambaye vijana walimwita Père Buffalo, aliona kwamba kuwafukuza hakufai kitu. Akaenda kukaa kati yao.

Tena kuna mambo ya karibu zaidi, ambayo twayaandika kwa huzuni. Mwaka 2005, katika nchi ya Shabunda, watu wa vijiji waliochoka kuuawa na wapiganaji wa FDLR walishika silaha, wakajiita Raia Mutomboki, yaani raia waliotomboka. Nani atasema kwamba hawakuwa na sababu? Waliachwa peke yao. Lakini hasira haikukaa mahali pake. Mwaka 2012, kule Masisi, tangu mwezi wa Aprili mpaka Septemba, Umoja wa Mataifa ulihesabu raia wasiopungua 264 waliouawa katika kushambulia vijiji, na 83 kati yao walikuwa watoto. Sehemu kubwa ya maovu hayo iliwekwa juu ya Raia Mutomboki, na nyingine juu ya kundi la Nyatura, ambalo nalo lilisema lalinda watu wake. Hatusemi kwamba sinema iliwafundisha. Vita vyetu vina mizizi mingine mingi. Twasema tu kwamba neno ni lile lile: nimetendewa mabaya, basi nina ruhusa. Na mtoto wa miaka mitano aliyekufa Masisi alikuwa na kosa gani? Alisema lugha ya adui.

Sasa mtatuuliza: «Mwataka tufanye nini? Mwizi akiingia usiku tumpe kiti?» Hasha! Kumkinga mtoto saa ile ile hatari inapomjia ni wajibu, na Kanisa halikukataza kamwe. Lakini kulinda ni kazi ya kabla na ya saa ile. Kisasi huja baada, mtoto akiisha kuumia, nacho hakimkingi na neno lolote.

Tena mtatuambia: «Tribinali zetu hununuliwa.» Mara nyingi ni kweli, nasi hatutafunika aibu hiyo. Lakini sikilizeni habari za Kavumu, karibu na Bukavu. Tangu mwaka 2013 mpaka 2016 watoto wasichana walitekwa usiku vitandani mwao, wakanajisiwa, wakatupwa mashambani. Walifika karibu 40. Mdogo kuliko wote hakuwa na mwaka mmoja. Mababa na mamama wa Kavumu walikuwa na haki ya hasira kuliko mtu yeyote wa sinema. Laiti baba mmoja angeshika panga kama Kersey, angempiga nani? Angempiga jirani wa kwanza aliyenong'onwa na watu, na wenye kosa wangebaki salama, maana walikuwa wengi, na mkubwa wao alikuwa mbunge wa jimbo. Waliwadhuru watoto wale kwa kuamini dawa za mganga zitakazowafanya wasipatwe na risasi.

Wazazi walifanya nini? Waliwachukua watoto wao kwenda hospitali ya Panzi, ambako Daktari Denis Mukwege na wenzake waliwatibu. Wakashtaki. Walipopuuzwa wakashtaki tena. Wanasheria, waganga na watetezi wa haki wakakusanya ushuhuda, mmoja baada ya mwingine. Ili watoto wasilazimishwe kusimama mbele ya watu wale, maneno yao yaliwekwa katika video, na mashahidi wakasema wamefunikwa nyuso. Tarehe 13 Desemba 2017 tribinali ya kijeshi, iliyokaa pale pale Kavumu, iliwahukumu watu 11, mbunge yule akiwemo, kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata tribinali kuu ya kijeshi iliithibitisha hukumu yao.

Kazi ile ilichukua miaka, na katika miaka hiyo watoto wengine waliendelea kuumizwa. Ni aibu kubwa ya serikali. Hakuna atakayeifanya kuwa sinema ya kushangiliwa Jumapili jioni, kwa sababu hakuna mlio wa bunduki ndani yake. Mna akina mama waliokaa chini ya mti wakingoja kuitwa. Lakini waliokamatwa ni wale wenye kosa. Na watoto hawakuachwa peke yao wakati wazazi wakitafuta haki, maana haki yenyewe ilitafutwa kwa kuwashika mkono.

Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea watu wa mashariki waliotendewa mabaya. Kijana mmoja wa Eringeti, hajafika umri wa mtu mzima, alisimulia jinsi alivyojificha akaona baba yake akikatwakatwa, na mama yake akachukuliwa, asirudi tena, na wadogo zake wawili wakabaki naye. Kisha akaweka chini ya msalaba panga la namna ile ile lililomwua baba yake, akasema kwamba amewasamehe. Kama ni sinema, panga lile lingekuwa mwanzo wa hadithi. Yeye aliliweka chini. Wako watakaosema ni unyonge. Sisi twauliza: angelibeba panga lile mwituni, wale wadogo wawili wangebaki na nani?

Basi hatuwaambii wazazi wavunje televizio wala wawapige watoto wakionekana mlangoni pa video. Kilichokatazwa kwa fimbo hutafutwa kwa siri. Twawaomba jambo jepesi. Picha ikiisha, mkae na watoto wenu mwaulize: Wale aliowaua, je, wote ndio waliomkosea? Alijuaje? Na alipokuwa akiua, nani alikaa na yule mtoto? Watoto watajibu vizuri kuliko mnavyodhani.

Na yule mzee wetu? Tulimwuliza jambo moja tu: «Baba, jioni hii, ulipokuwa humu ndani, nani aliwasindikiza binti zako mtoni kuteka maji?» Alinyamaza kitambo. Akasema: «Walikwenda peke yao.» Kisha akatuaga, akashika njia ya mtoni kwa miguu ya haraka. Nasi tukamwona katika saa ile kuwa baba kuliko Charles Bronson.